Dada Alinishika Mikono Uso Wangu Ukiungua

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini, mkazi wa Kahama, sijaolewa na sina mtoto. Nimekuwa nikisoma mikasa ya wenzangu na kulia nao, huku nikijiambia kwamba wa kwangu siwezi kuusimulia, nitakufa nao moyoni. Lakini moyo nao una kipimo chake... Leo umejaa. Jina langu nimelibadilisha. Niiteni Kabula.

Yaliyonipata yalinipata mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, nilipokuwa msichana wa miaka ishirini na ushee, mwenye mchumba, mwenye kazi, mwenye dada aliyenipenda.

Naanza na dada, maana bila yeye hakuna mkasa.

Mama yetu alifariki nikiwa darasa la tatu, kijijini kwetu huko Shinyanga. Baba alikuwa ameshatangulia. Ndugu walipokaa kujadili nani achukue mtoto gani, dada yangu Minza, aliyekuwa ameolewa Kahama, alisimama katikati yao akanishika mkono. Hakungoja wamalize. Ndiye aliyeninunulia sare za shule, ndiye aliyenifundisha kufua kanga na kusonga ugali, ndiye aliyenikalisha chini na kunieleza mambo ya kike nilipovunja ungo. Ndoa yake ilipovunjika, watu walimwambia anirudishe kijijini apunguze mzigo. Akakataa! Aliniambia, "Kabula, tutakula tunachokipata."

Nawaeleza haya mjue kwamba huyu hakuwa adui yangu. Huyu alikuwa mama yangu wa pili.

Sasa, shida yangu ilikuwa uso.

Haukuwa ugonjwa wa kutisha. Wala haukuuma. Pua, paji la uso na mashavu vilijaa vidoa vidogo vyeusi. Vitundu vya ngozi vilikuwa vimeziba kwa mafuta, na kila kimoja kikishika uchafu kilivimba kikawa kipele. Asubuhi nilinawa kwa sabuni, lakini kufika saa nne uso ulikuwa unang'aa kama sufuria ya kukaangia maandazi. Shuleni wavulana waliniita Kuku wa Kunyonyolewa. Nilicheka nao... Ningefanya nini? Lakini nyumbani nilikuwa nageuza kioo kitazame ukuta.

Nilipomaliza darasa la saba nilipata kazi katika duka la vitenge la familia moja ya Kihindi. Mke wa mwenye duka, tuliyemwita Mama Nasrini, alikuwa mkali kwa hesabu lakini mwenye huruma. Ndiye aliyeniambia siku moja, "Wewe binti, acha kuminyaminya hivyo vipele kwa kucha. Nenda hospitali, uone daktari."

Nikaenda. Daktari, baba mmoja wa makamo asiye na maneno mengi, aliniangalia uso akanipa kikopo kidogo cha dawa nyeupe ya kupaka. Aliniambia ndani yake mna asidi, asidi laini ya kuzibua ngozi.

"Paka kidogo wakati wa kulala," alisema. "Ipake peke yake. Usiichanganye na limao, wala krimu, wala kitu chochote. Na uwe na subira, ngozi haina haraka."

Nilifuata. Ngozi ilikauka kidogo, ikawa inatoka magamba membamba puani, lakini baada ya muda nikaanza kuona tofauti. Vile vidoa vilikuwa vinapungua, polepole sana, kama maji ya lambo wakati wa kiangazi.

Laiti ningeachwa hivyo!

Wakati huo nilikuwa na mchumba. Aliitwa Masalu, mfanyabiashara wa dagaa. Alikuwa akinunua mzigo Nkome, ziwani, anauleta Kahama kwa malori. Alikuja dukani kumnunulia mama yake kitenge, akarudi kesho yake kununua kingine, na siku iliyofuata akaja tena, akasimama tu. Mama Nasrini akamwambia, "Wewe kijana, mama yako atavaa vitenge vingapi?" Duka zima likacheka. Masalu hakuwahi kuusema uso wangu. Alinitazama machoni, basi. Mahari ya ng'ombe ikapelekwa kwa mjomba wetu Luhende, aliyebaki kama baba, na harusi ikapangwa ifanyike baada ya mavuno.

Hapo ndipo dada Minza alipoanza kupata wasiwasi kuliko mimi.

Dada alikuwa na saluni mtaa wa Nyasubi, hapa Kahama, jirani na soko. Chumba kimoja, pazia la maua mlangoni, kioo kirefu, na draya moja kubwa ambalo mteja anakaa chini yake kama amevaa chungu kichwani. Zamani alikuwa anasuka na kuweka nywele dawa tu. Lakini dhahabu ilikuwa imewaka upande wa Geita. Wake za wanunuzi wa dhahabu walikuja na mikufu yao, wakitaka weupe, wakitaka ngozi laini. Dada akajifunza kuchanganya. Losheni kutoka Zaire, krimu za kwenye tyubu, sabuni za dawa... Alikoroga kwenye bakuli kwa mwiko mdogo, na wanawake wakapanga foleni. Alikuwa na mkono wa kazi, siwezi kumnyima hilo. Wengi walitoka pale wamependeza.

Sasa fikirieni: fundi wa nyuso za watu, halafu mdogo wake anaolewa na uso wa kuku wa kunyonyolewa!

"Utaingia kanisani hivyo?" aliniuliza. "Watu watasema Minza anapamba wageni, wa kwake anamwacha."

Nilimwonyesha dawa ya hospitali. Akafungua kikopo, akanusa, akacheka. Akasema hiyo ni ya kumpa mgonjwa moyo tu. Asidi moja peke yake ni kama ng'ombe mmoja kwenye plau, haifiki popote. Yeye ataiongezea nguvu.

Akakamulia limao ndani yake. Akaponda na aspirini, akisema nayo ni asidi, tena ndugu wa hiyo ya hospitali. Akanipaka, akaniacha nikae nayo. Iliwasha kama upupu! Nikamwambia. Akasema ndiyo dalili kwamba inafanya kazi. Kesho yake uso ulikuwa mwekundu, na baada ya siku chache ukaanza kubanduka kama ganda la kitunguu.

Na chini ya ganda hilo, ndugu wasomaji... ngozi ilikuwa laini kama ya mtoto! Vitundu havikuonekana. Nilijitazama kwenye kile kioo kirefu cha saluni nikalia kwa furaha. Masalu alipokuja alisimama mlangoni akasema, "Umekuwa mwingine." Dada alinikumbatia kutoka nyuma, tukawa tunajitazama kiooni wote wawili, yeye akiwa na furaha kuliko mimi.

Ningemwaminije daktari tena baada ya hapo? Ninyi mngemwamini?

Lakini uzuri ule haukudumu. Ngozi ile changa ilikuwa haiwezi jua. Nikitoka dukani kwenda sokoni tu, inachoma. Yakaanza kutokea mabaka meusi mashavuni, na vitundu vikaziba upya, safari hii vikiwa na usaha. Sabuni iliniwasha, hata maji matupu yaliniwasha. Nikamwambia dada kwamba nataka kurudi kwa daktari. Akaniambia nitamwaibisha, daktari atauliza nani kanichanganyia, niseme nini?

Sikwenda. Dada akiamua jambo, mimi nilikuwa nani?

Harusi ilikuwa imekaribia alipokwenda Geita kufuata losheni. Aliporudi alikuwa na kichupa kidogo cha kioo, amekifunga kwenye kitambaa. Alikuwa na furaha sana. Akanieleza kwamba kuna mwanamke huko, fundi wa nyuso, anawatengeneza wake za matajiri kwa dawa hiyo. Tone moja tu kwenye mchanganyiko na uso unabanduka wote, unaanza upya. Nikamuuliza ni kitu gani. Akasema ni tindikali, ile ambayo wanunuzi wa dhahabu wanapimia mawe yao.

Nilishtuka. Nikamwambia, "Dada, ile si inakula chuma?"

"Inakula uchafu," akanijibu. "Dhahabu yenyewe haiigusi. Kama inasafisha dhahabu, itashindwa kusafisha pua yako?"

Ilikuwa Jumamosi mchana. Saluni ilikuwa na watu. Mteja wetu wa siku nyingi, Mama Pili, alikuwa amekaa chini ya draya, na wasichana wengine wawili walikuwa kwenye benchi wakingoja kusukwa. Dada alinikalisha kwenye kiti cha mbele ya kioo. Akachanganya kwenye bakuli lake: ile dawa ya hospitali, limao, na kile kichupa. Sikuona alimimina kiasi gani. Nilisikia tu harufu, kali, ya kupanda puani hadi kwenye ubongo. Akachovya pamba.

Akaanza na shavu la kushoto.

Kwanza nilihisi baridi. Halafu... jamani! Sijui niandike nini. Mtu akikuwekea kaa la moto shavuni unaweza kulikung'uta. Hili nililikung'uta wapi? Lilikuwa ndani ya ngozi! Nikapiga kelele. Nikainua mikono nijifute, na dada akaidaka mikono yangu yote miwili, akaibana mapajani kwangu kwa nguvu.

"Vumilia!" alisema. "Ukitaka uzuri sharti udhurike. Vumilia, mdogo wangu, kidogo tu!"

Niliita "Mayu! Mayu!" nikimwita mama yetu kwa Kisukuma, mama aliyekufa zamani. Nilipiga kelele mpaka watu wa sokoni wakaja kufunua pazia. Na dada bado amenishika... Mmoja wa wale wasichana wa kwenye benchi ndiye aliyechukua ndoo ya maji ya kuoshea nywele akanimwagia yote kichwani.

Nilipofumbua jicho la kulia, nilijiona kwenye kioo. Jicho la kushoto halikufumbuka.

Hospitalini midomo ilikuwa imevimba kama ya mtu aliyeumwa na nyuki, siwezi kutamka neno. Nesi akauliza nimepakwa nini. Dada alikuwa pembeni yangu, analia machozi ya kweli, kanga yake imelowa. Nikamgeukia. Nilijua atasema ili wajue dawa ya kunitibu.

Dada yangu Minza akasema, "Alijipaka mwenyewe, sista. Alichukua dawa zake za hospitali akazikoroga na vitu anavyovijua yeye. Mimi nimesikia kelele tu."

Nilitikisa kichwa. Nilitikisa kichwa hadi nesi akanishika akaniambia nitulie. Nilitaka kusema tindikali, midomo ikatoa "ti... ti..." Nesi akadhani nasema Kiingereza, naomba chai!

Walinitibu kwa walichokijua. Yule daktari wangu wa kwanza alipopita wodini alinitazama kwa muda mrefu. Akasema kwa huzuni, "Binti, si nilikukataza?" Akaenda zake. Nilitaka kufa.

Nilitoka hospitalini na uso huu nilio nao. Shavu la kushoto limekunjamana na kung'aa, kope ya chini imevutwa, jicho halifungi vizuri hata nikilala. Nilitoka na jina pia: msichana aliyejichoma kwa kupenda urembo.

Mjomba Luhende alikuja kutoka kijijini kusikiliza. Tulikaa ukumbini kwa dada. Wakati huo nilikuwa naweza kusema, nikasema yote. Dada akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akasema kwa upole kwamba maumivu yamenichanganya akili, na yeye hanilaumu. Mjomba akaomba aitwe shahidi. Akaitwa Mama Pili, mwanamke ambaye nilikuwa namwamkia shikamoo kila siku, ambaye alikuwa hatua chache tu kutoka kwenye kiti changu.

Mama Pili akatazama sakafu. "Kwa kweli mimi sikuona," alisema. "Nilikuwa chini ya draya. Ukiwa kule ndani husikii kitu."

Wale wasichana wa kwenye benchi hawakupatikana. Walikuwa wapita njia, sikuwajua hata majina.

Mjomba alikohoa, akasema mambo ya wanawake na vipodozi vyao yeye hayajui, tumwachie Mungu. Niliona kwamba hakutaka kujua. Dada ndiye aliyekuwa anampelekea sukari na mafuta ya taa kila mwisho wa mwezi. Angemhukumu vipi?

Masalu naye alikuja. Simlaani. Alikaa kwenye kigoda akavua kofia, akanitazama, akatazama ukuta. Akauliza, "Itapona?" Nikamwambia daktari anasema kovu halitatoka. Alipoondoka aliacha mfuko wa sato wakavu mlangoni, kama mtu anayefika msibani. Baadaye alimtuma baba yake mdogo kwa Mjomba Luhende, na ng'ombe wakarudi kwao. Nasikia ameoa Sengerema.

Kazini Mama Nasrini hakunifukuza. Alilia aliponiona, akanishika mabega. Lakini baada ya siku chache alinihamishia stoo, nikunje vitenge na kupanga majora. "Huku hakuna vumbi, binti," aliniambia. Tulijua wote wawili kwamba stoo ndiko vumbi liliko. Mtoto mmoja wa mteja alikuwa ameniona kaunta akalia.

Na dada? Mnafikiri saluni yake ilifungwa? Ilijaa!

Jioni moja nilipita nyuma ya saluni kuchukua ndoo, nikamsikia akiongea na wateja. "Mmemuona mdogo wangu Kabula? Mnaona mambo ya kujikorogea nyumbani? Asidi zina wenyewe. Njooni kwa fundi, msiharibike kama yeye."

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Uso alioniunguza yeye ndio ulikuwa tangazo la biashara yake! Nilikuwa nimebakiwa na nini cha kusema ambacho kisingeonekana ni wivu au wazimu?

Nilihama nikapanga chumba changu. Lakini nilijaribu kuonya mara moja, jamani, Mungu ni shahidi. Kulikuwa na msichana mwenzetu dukani, Esta, mchangamfu, anayekaribia kuolewa. Alikuwa na vipele kama nilivyokuwa navyo mimi. Niliposikia anakwenda kwa dada, nilimfuata hadi mlangoni pa saluni. Nilimshika mkono nikamsihi asiingie. Nikamwambia nani hasa aliniunguza. Esta akanitazama kwa huruma, ile huruma mnayomtazamia kichaa. Dada akafunua pazia. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kabula, nenda kapumzike." Esta akaingia.

Nilisimama nje, masikio yakingoja kelele.

Hazikuja. Esta alitoka uso umeng'aa, akaolewa, akapendeza, watu wakampiga picha. Na mimi nikawa mwongo kabisa, mbele ya watu wote. Je, niombe na wenzangu waungue ili nisadikike? Niliwahi kuomba hivyo, kisha nikaogopa moyo wangu mwenyewe.

Baadaye dada alihamia Geita kufuata wateja wake. Hatukuonana tena hadi mwaka juzi, Mjomba Luhende alipofariki. Tulikutana msibani kijijini. Alikuwa amenenepa, amevaa doti mpya ya kanga. Alikuja akaketi kwenye mkeka ubavuni kwangu, upande wa kushoto, upande huu. Sikusogea. Nikasema moyoni: leo ataomba radhi, na mimi nitamsamehe, kwa sababu nimemkosa dada yangu kuliko nilivyoukosa uso wangu.

Aliinua mkono akaligusa kovu taratibu kwa ncha za vidole. Macho yakamjaa machozi.

"Mdogo wangu," alisema, "mbona siku ile hukuniambia kwamba unaungua?"

Nilimtazama. Nilitafuta uongo machoni mwake nisiuone. Alikuwa anauliza kweli! Kwa miaka yote hii amejisimulia mpaka ameamini... Kelele zile zilizowatoa watu sokoni, yeye hazimo kabisa kichwani mwake. Mikono aliyoibana, haimo. Nilifungua mdomo, na kama siku ile hospitalini, hakikutoka kitu. Wanawake wa msibani wakadhani tunamlilia mjomba, wakatusogelea kutufariji.

Ndugu zangu, hasa mabinti mnaotazama vioo kwa uchungu. Vitundu vilivyoziba si ugonjwa wa kuua. Ukipewa dawa moja na mtu aliyeisomea, ipake hiyo moja, uwe na subira nayo, usiruhusu mkono wowote kuiongezea asidi nyingine, hata kama mkono huo ndio uliokulea. Kilichomponya jirani haraka kinaweza kukumaliza wewe. Na ngozi yako ikisema inaungua, inaungua! Usikubali mtu akuambie kwamba maumivu yako ni dalili njema. Inuka kwenye kiti hicho, ukimbie, uvunje bakuli, uonekane huna adabu. Adabu mimi nilikuwa nayo.

Na wewe uliyekaa pembeni ukaona, tafadhali, sema. Mimi nilihitaji mtu mmoja tu wa kusema.